Wanasema eksima ya mtoto inatoka tumboni. Nani amejaribu hizi dawa za bakteria za utumbo?

MamaKadogo_Kasarani
Jumanne, saa saba usiku

Hamjambo wote. Mtoto ndio ameshikwa na usingizi saa hii, alianza kujikuna saa tatu na tumezungushana hapo kitandani mpaka mikono yangu imechoka kuishika yake. Siku hizi analala na soksi mikononi, mbili mbili na raba ya nywele juu ili asizivue, na bado asubuhi shuka inakuwa na damu.

Ako na miaka miwili na nusu. Ilianzia mashavuni akiwa na miezi minne, ikashuka kwa mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, sasa iko pia shingoni na kwa vifundo vya miguu. Hapo ngozi imekuwa nene na nyeusi, ukiigusa ni kama gome la mti. Picha za kwa intaneti zote ni za watoto wazungu wenye mabaka mekundu, wangu hana wekundu wowote, ni kijivu na weusi na vipele vidogo vidogo, ndio maana kwa muda mrefu kila mtu alikuwa ananiambia ni mashilingi. Kemisti wa hapa mtaani akanipa ile krimu ya mchanganyiko, ya fangasi na bakteria na muwasho kwa tyubu moja, inafanya kazi siku nne tano, ngozi inalainika unafurahi, ukiacha inarudi imezidi.

Sasa mwezi uliopita kwa grupu yetu ya wamama akatokea dada mmoja anasema ngozi ni kioo cha tumbo na kila nikipaka krimu nasukuma ugonjwa ndani. Programu yake ni 38,500. Choo cha mtoto kinatumwa ng'ambo kisomwe bakteria, halafu anapewa kapsuli za bakteria bilioni hamsini, unga wa kijani wa kusafisha utumbo, na orodha ya vyakula vya kuacha: maziwa, mayai, ngano, njugu, samaki, maharagwe na ndizi. Nimelipa 15,000 ya kwanza, pesa ya chama ambayo baba yake hajui. Tuko wiki ya tano. Anakula uji wa wimbi wa maji, viazi na sukuma basi. Kujikuna ni kule kule. Nikimuuliza ananiambia hizo ni sumu zinatoka, nivumilie hadi wiki ya kumi na mbili.

Naomba mtu ambaye amepitia hii njia aniambie ukweli. Niendelee ama niache? Na tafadhali msinitusi, nimelia ya kutosha.


Seremala_Umoja
Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi

Mama pole sana, hakuna mtu wa kukutusi hapa. Yangu si eksima, ni soriasisi, lakini hiyo barabara ya tumbo nimeitembea miaka mitatu mzima.

Ilianza kwa kichwa nikadhani ni mba, ikaja kwa viwiko na mgongo, magamba yanaanguka mpaka wateja wanaogopa kunishika mkono. Nikaenda kwa mtu mmoja hapo karibu na River Road akaniambia utumbo wangu umeziba na uchafu wa miaka, nikapigwa bomba la maji ya dawa mara tatu kwa wiki mbili, nikaharisha mpaka nikashindwa kubeba mbao. Ngozi haikubadilika hata kidogo. Baada ya hapo nikanunua kapsuli za bakteria miezi sita, nikaacha nyama, nikaacha nyanya, nikaacha chai ya maziwa.

Kilichonitoa hapo ni daktari wa ngozi aliyekata kipande kidogo cha ngozi kikapimwa, ndio nikajua jina la ugonjwa wangu baada ya miaka nane. Akanianzishia methotreksati. Ni dawa ya zamani na haina bei ya kutisha, unameza siku moja tu kwa wiki, narudia siku moja kwa wiki, ju watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, na lazima damu na ini zipimwe. Miezi minne nikavaa shati ya mikono mifupi. Hiyo siku sitaisahau.

Sisemi mtoto apewe hiyo dawa. Nasema tu kabla ya kutibu tumbo hakikisha mtu aliyesomea ngozi ameiangalia ngozi.


Maabara_Usiku
Jumatano, saa mbili usiku

Mama Kadogo, mimi nafanya maabara ya hospitali, si daktari, lakini hii mambo ya utumbo na ngozi nimeifuatilia miaka mingi ju dadangu mdogo amekua na eksima na mimi ndio nilikuwa namshika mikono usiku. Nitaandika ndefu, nivumilie.

Kwanza huyo dada hajatunga kila kitu na ndio maana maneno yake yanaingia. Utumbo na ngozi vinahusiana kweli. Mwaka wa 1930 madaktari wawili Wamarekani, Stokes na Pillsbury, waliandika kwamba wasiwasi wa akili unavuruga bakteria za utumbo na mvurugo huo unafika mpaka kwa ngozi, na wakapendekeza hata maziwa yenye bakteria kama tiba. Na kuna ugonjwa mmoja wa ngozi ambao chanzo chake ni utumbo bila ubishi, unaitwa damatitisi hapetifomisi, vipele vya muwasho mkali sana kwa viwiko, magoti na makalio, unakuja kwa watu ambao utumbo wao unapigana na gluteni ya ngano. Hao wakiacha ngano kabisa ngozi inapona, ingawa inachukua muda mrefu. Lakini unapimwa, damu na kipande cha ngozi, haubahatishwi kwa WhatsApp.

Sasa bakteria zenyewe. Mtu mzima amebeba kama trilioni 38, karibu zote kwa utumbo mpana, yaani zinakaribia kulingana na seli za mwili wake. Mtoto akizaliwa kinga yake haijui adui ni nani, inajifunza polepole, na hizo bakteria ni kati ya walimu wake. Kwa hivyo watu wakajiuliza, tukimletea mtoto walimu wazuri mapema si kinga itakua imetulia? Huko Turku, Ufini, wakawapa kina mama wajawazito wenye mzio kwa familia bakteria aina moja ya laktobasilasi, na baada ya kuzaa wakaendelea nayo miezi sita. Matokeo yakatoka 2001. Kufika miaka miwili, watoto waliopata eksima walikuwa 23 kwa mia, na kwa wale waliopewa kapsuli tupu walikuwa 46 kwa mia. Nusu nzima! Karibu kila muuzaji anasimama juu ya hiyo karatasi hata kama hajawahi kuisoma.

Lakini 2008 Wajerumani wakarudia na bakteria ile ile na hawakuona tofauti. Na hata hiyo ya Ufini ilikuwa ni kuzuia kabla haijaanza, yako imeshaanza. Kwa eksima ambayo tayari iko, kundi la Cochrane, hawa kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima kwa pamoja, 2018 walichambua majaribio 39 yenye watu 2,599. Waliona kumeza hizo bakteria hakubadilishi kwa kiasi cha maana yale mgonjwa mwenyewe anayahisi, ule muwasho na ule usingizi unaopotea. Nilisoma hiyo nikiwa na kopo la kapsuli za dadangu mezani, nilikuwa nimezinunua na mshahara wangu wa kwanza.

Na hiyo bilioni hamsini mama, bila kuambiwa ni aina gani, ni kama kuambiwa matatu imejaza abiria 33 bila kuambiwa inaenda wapi. Aina moja ya laktobasilasi inaweza kusaidia mtoto anayeharisha na ndugu yake wa karibu kabisa asifanye chochote.


Arap_Rongai
Alhamisi, saa nne asubuhi

Mimi naomba kuuliza kwa heshima. Sisi tumekua kwa mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, kutoka kwa kibuyu cha sotet, na mkaa wa mti wa senetwet na kila kitu, na sikumbuki kuona mtoto wa kwetu mwenye hii ngozi. Nimekuja Nairobi, watoto wangu wawili wote wanajikuna. Kwa hivyo mimi naamini kabisa ni tumbo. Si tungewarudisha tu kwa maziwa yetu badala ya kapsuli za dukani?


Maabara_Usiku
Alhamisi, saa tatu usiku

Arap, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani na watafiti wengi wanalihangaikia. Nitakupa mambo mawili ya hapa karibu.

Wahadzabe, wale wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi Tanzania, bakteria zao za utumbo zilichunguzwa na mwaka wa 2014 ikachapishwa kwamba wana aina nyingi kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao. Hiyo wauzaji wanaipenda sana kuitaja. Wanachoacha kusema ni kwamba Wahadzabe watu wazima waliopimwa hawakuwa na bifidobakteria kabisa, na hiyo bifidobakteria ndiyo inauzwa kwa karibu kila kopo kama bakteria nzuri. Utumbo wenye afya hauna sura moja, na ndio maana hata hiyo ripoti ya choo ambayo Mama Kadogo analipia, hakuna mtu anaweza kuisoma akasema huyu mtoto anakosa hii, muongezeeni. Kampuni moja kubwa ya Marekani ya kupima choo, uBiome, ilivamiwa na FBI mwaka wa 2019 na ikafilisika mwaka huo huo, waanzilishi wake wakashtakiwa 2021.

La pili liko Uganda, na hili bado linanishangaza. Huko Entebbe walifuata kina mama wajawazito 2,507, wengine wakapewa dawa ya minyoo, wengine kidonge tupu. Walitaka kuona faida. Matokeo yaliyotoka 2011 yalionyesha watoto wa kina mama waliopewa albendazoli walipata eksima zaidi utotoni. Zaidi! Kama kwamba minyoo ya mama ilikuwa inaituliza kinga ya mtoto. Tafadhali mtu asisome hapa akaacha kumpa mtoto dawa ya minyoo, minyoo inaleta upungufu wa damu na kudumaza. Nasema tu ile hisia yako kwamba maisha ya mjini yamebadilisha kitu ndani yetu haijatoka hewani. Ila kujua mlango ulifungwa na nini haimaanishi tumepata ufunguo, na mursik haijapimwa kama dawa ya eksima. Kunywa kama chakula. Kwa watoto wadogo nenda pole pole, ikikaa sana inakuwa na pombe kidogo.


Shiku_TRM
Alhamisi, saa nne usiku

Lakini mimi yangu ilifanya kazi jameni, siwezi nikanyamaza. Mtoto wangu alikuwa na eksima ya mashavu, nikampa matone ya bakteria miezi mitatu, ikaisha kabisa na haijarudi, sasa ako na miaka minne. Msikatize mama tamaa.


Nesi_Kliniki_Eastlands
Ijumaa, saa moja asubuhi

Dada Shiku nakuamini, na nimefurahi mtoto amepona. Ila nimefanya kliniki ya watoto miaka kumi na sita na nimeona watoto wengi eksima ya mashavu ikiisha yenyewe kabla ya miaka mitatu minne, wengine mama alikuwa anapaka tui la nazi, wengine alibadilisha sabuni, wengine hakufanya chochote. Eksima ni ugonjwa wa kupanda na kushuka. Na sisi wazazi tunatafuta dawa mpya siku ambayo imepanda kabisa, sasa ikishuka, na ingeshuka tu, ile dawa tuliyoshika siku hiyo ndiyo inapata sifa. Ndio sababu wanaopima dawa wanaweka kundi la kapsuli tupu pembeni.

Mama Kadogo, mimi kilichoninyima amani kwa maelezo yako ni sahani ya mtoto. Toa kijitabu chake cha kliniki uniambie kilo zake za mwisho na za sasa. Mtoto wa miaka miwili na nusu umemwondolea maziwa, mayai, samaki, njugu na maharagwe, umeondoa karibu protini yote ambayo familia ya kawaida Nairobi inaweza kununua. Ngozi iliyopasuka inahitaji protini kujijenga. Na kuna hatari nyingine ambayo hao wauzaji hawaitaji. Mtoto mwenye eksima akinyimwa chakula ambacho alikuwa anakila vizuri, mwili unaweza kusahau kukivumilia, siku akirudishiwa anavimba midomo au anashindwa kupumua. Kule London walithibitisha upande wa pili wa jambo hili 2015, watoto wachanga wenye eksima kali au mzio wa mayai walipoanzishiwa njugu mapema, mzio wa njugu ulipungua zaidi ya robo tatu. Sasa wewe usirudishe vyote kesho asubuhi peke yako nyumbani. Kama aliwahi kutoka mabaka ya ghafla, kutapika au kuvimba baada ya chakula fulani, hicho kisubiri daktari. Vile alikuwa anakula bila shida, mwone daktari wiki hii mpange kuvirudisha.

Na hiyo krimu ya mchanganyiko, soma tyubu. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza mwako wa ngozi, na klobetasoli ni ya daraja la juu kabisa kwa nguvu. Haifai kuwa kwa uso na shingo ya mtoto wiki baada ya wiki. Lakini pia usitupe steroidi zote kwa hasira, hapo ndipo wamama wengi wanaumizwa mara ya pili. Steroidi ya nguvu inayofaa, kwa mahali panapofaa, kwa siku alizoandika daktari, ndiyo inazima huu moto.


MamaKadogo_Kasarani
Ijumaa, saa tano usiku

Nesi nimetoa kitabu. Mwezi wa kabla nianze programu alikuwa kilo 12.4. Leo nimempeleka kupimwa hapo kliniki ya mtaa, ni 11.5.

Nimekaa kwa benchi nje nikashindwa kusimama. Nilikuwa naona suruali zinalegea nikafikiri anarefuka.

Tena nilimwandikia yule dada, nikamwambia kilo zimeshuka, akasema basi kesi ya mtoto ni nzito, kuna matibabu India ya kuwekewa choo cha mtu mwenye afya ndani ya utumbo na ndiyo inamaliza kabisa, anaweza kuniunganisha. Maabara hiyo kitu iko kweli ama ananidanganya?


Maabara_Usiku
Jumamosi, saa sita usiku

Iko mama, na ni tiba ya kuheshimika kabisa, lakini kwa ugonjwa mwingine. Kuna bakteria inaitwa klostridiumu difisile, inashika utumbo wa watu waliomeza antibiotiki nyingi, wanaharisha wiki kwa wiki na wengine wanakufa. Amsterdam walitoa matokeo 2013, wagonjwa 16 walitiliwa choo cha watu wenye afya, 13 wakapona mara ya kwanza tu, yaani 81 kwa mia, na kwa wale wa antibiotiki ya vankomaisini peke yake ni 31 kwa mia. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeidhinisha bidhaa za aina hiyo 2022 na 2023, za huo ugonjwa pekee. Na mamlaka hiyo hiyo 2019 ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufa, choo alichowekewa kilikuwa na bakteria sugu ambayo haikuwa imepimwa. Kwa hivyo si kitu cha mtu kukuunganisha nacho.

Kwa ngozi? Kule Israeli walijaribu kwa watu wazima wachache wenye eksima kali, hawakufika hata kumi, wengine wakapata nafuu. Hiyo inatosha kuwapa watafiti hamu ya kuendelea, haitoshi kumpandisha mtoto ndege. Na Denmaki waliwajaribu watu 31 wenye soriasisi ya viungo, matokeo yakatoka 2021, Seremala hii ikuguse: kwa wale waliowekewa choo tiba ilishindwa kwa 60 kwa mia, kwa wale waliofanyiwa ya kuigiza tu bila choo ni 19 kwa mia. Waliopewa walifanya vibaya zaidi.

Nikuambie zingine mbili ju hizi ndizo nilizozisubiri kwa moyo wangu wote kwa ajili ya dadangu. Taasisi ya afya ya Marekani ilipata bakteria kutoka kwa ngozi ya watu wenye afya, Roseomonasi, ukiwapulizia wenye eksima kwa ngozi yenyewe wanapata nafuu, waliandika 2018 na ilikuwa ya kutia moyo kweli. Kampuni ikaichukua, ikaipima kwa watu wengi dhidi ya dawa tupu, Septemba 2021 ikaanguka. Nyingine ilikuwa ya kumeza, Prevotela kutoka kwa utumbo mdogo, ya kampuni inaitwa Evelo. Kwa soriasisi ilionyesha dalili, kwa eksima jaribio likaanguka mwanzo wa 2023, na kabla ya mwaka kuisha kampuni yenyewe ikafungwa. Siku hiyo nilimpigia dadangu simu nikashindwa kumwambia, tukaongea tu mambo ya nyumbani.

Kwa hivyo watu wenye mamilioni ya dola, wenye bakteria waliyoichagua moja kwa moja na kuikuza kwa maabara safi, bado hawajafika. Huyo dada hajafika.


Seremala_Umoja
Jumamosi, saa mbili asubuhi

Hapo kwa 60 nimesoma mara mbili. Na mimi kuna siku niliuliza mtu bei.

Lakini Maabara nieleze basi, kama tumbo si mlango, hii eksima inaingilia wapi?


Maabara_Usiku
Jumamosi, saa nne asubuhi

Kwa wengi inaanzia kwa ukuta, yaani ngozi yenyewe. Fikiria ukuta wa mawe ambao simiti yake ni mbovu, maji yanatoka na vumbi linaingia. Mwaka wa 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, waligundua kwamba watu wengi wenye eksima wana hitilafu kwa jeni ya protini inaitwa filagrini, moja ya vitu vinavyoshikilia huo ukuta. Kwa Waafrika hitilafu hiyo hiyo ni nadra zaidi, kwa hivyo ukuta wetu unavunjika kwa njia nyingine ambazo zimechunguzwa kidogo sana, na hilo linaniuma. Ukuta ukishapasuka, bakteria inaitwa stafilokokasi inakuja kukaa hapo, inachokoza, kinga inawaka, mtoto anakuna, ufa unapanuka. Hizo ni bakteria pia, lakini ziko juu ya kiwiko, unaziona kwa macho zikileta usaha.


Nesi_Kliniki_Eastlands
Jumamosi, saa saba mchana

Na hiyo ndiyo sababu mafuta ni dawa, si urembo. Mama andika hizi ukienda umwonyeshe daktari. Kuoga mara moja kwa siku, maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila sabuni ya manukato. Unamfuta kwa kubonyeza bila kusugua, na kabla hajakauka vizuri unampaka mafuta mazito, vaselini ile ya kawaida isiyo na harufu inatosha, si lazima ya bei. Mpake nyingi! Mtoto wa umri huo akipakwa vizuri mwili mzima anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki, wengi tunapaka ya kufanya tu ang'ae akienda kanisani.

Krimu ya steroidi, bonyeza mstari kutoka ncha ya kidole chako cha shahada mpaka pindo la kwanza, hiyo inatosha sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili vyako pamoja na vidole. Ukiogopa ukapaka nusu ya hapo utaipaka wiki nyingi bila kupona na utaona ni krimu mbaya.

Na ukiona maji ya njano yanakauka kama asali, ama mtoto ana joto, ama malengelenge madogo yanayofanana yametokea ghafla na yanauma badala ya kuwasha, usingoje Jumatatu, nenda usiku huo huo. Hayo ya mwisho yanaweza kuwa virusi vya hepesi na kwa mtoto wa eksima ni dharura.


Arap_Rongai
Jumamosi, saa tisa

Nesi asante. Hii ya mafuta mimi nilikuwa naona ni mambo ya wamama. Leo nitawapaka mwenyewe.


MamaKadogo_Kasarani
Wiki tano baadaye, Jumapili jioni

Nimerudi. Niliwaahidi moyoni nitarudi hata kama mambo ni mabaya.

Ile Jumatatu niliamka saa kumi nikaenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya serikali, nikaonwa saa sita na nusu. Daktari ni mama wa makamo, alimkalisha Kadogo mapajani akaanza kumkunja viwiko polepole bila kusema kitu. Akaniuliza analala masaa mangapi. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza hiyo, nikaanza kulia hapo hapo. Akasema ni eksima kali na juu yake imeingiwa na bakteria. Antibiotiki siku saba, krimu ya steroidi ya nguvu ya kati kwa mwili, haidrokotisoni, ile steroidi hafifu, kwa uso na shingo, kila siku mpaka ilainike, halafu siku mbili kwa wiki kwa zile sehemu zinazorudi. Na mafuta, vile Nesi alisema, karibu neno kwa neno. Nikamwuliza kuhusu tumbo. Hakunicheka. Alisema anasoma hizo habari pia na angefurahi sana siku moja kuandika dawa kama hiyo, ila leo hana ya kuandika, na mtoto anakuna leo.

Vyakula tumerudisha kimoja kimoja, kuanzia maziwa. Mayai daktari alitaka tuanzie pale kliniki ju kuna siku aliwahi kutoka mabaka, tukakaa masaa mawili, hakuna kilichotokea, aliomba lingine.

Baba yake nilimwambia. Nilingoja chakula kiishe nikamweleza yote, za chama na kilo na kila kitu. Alinyamaza muda mrefu, akavaa koti akatoka, nikajua nimemkosea vibaya. Alirudi na trei ya mayai na paketi nne za maziwa.

Pesa sijarudishiwa. Nilipoiulizia nilitolewa kwa grupu. Lakini kuna wamama wawili wa pale walinitafuta kwa simu, watoto wao wako wiki ya tisa, na mmoja nimemtumia huu uzi wote.

Kadogo ako kilo 12.1. Viwiko bado ni vyeusi, daktari alisema huo weusi utachukua miezi na haumaanishi ugonjwa uko, lakini ukipitisha mkono ni laini. Jana alijikuna mara moja saa nane usiku, nikampaka, akalala. Soksi bado namvalisha, moja moja sasa bila raba, na leo asubuhi nilizikuta chini ya kitanda na shuka ilikuwa safi.

Nesi nina swali. Miguuni kuna mahali pamelainika kabisa na pengine bado pamekauka kama unga. Ile ya siku mbili kwa wiki naanza kwa ile iliyolainika peke yake ama ningoje mguu wote?


Nesi_Kliniki_Eastlands
Jumapili, saa tatu usiku

Anza kwa iliyolainika, mama. Iliyokauka kama unga, ipapase na macho umeyafumba. Ukihisi ni kavu tu, zidisha mafuta. Ukihisi ni nene ama inakwaruza, endelea na krimu kila siku hapo mpaka ilingane na ile nyingine. Na kilo 12.1, nimemsomea mwenzangu wa zamu kwa sauti.